Dungu la Kipupwe: Kuvizia Ndege kwa Kamera Ruhuwiko

Kipupwe cha Songea hakina utani. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Agosti joto la usiku hushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo. Asubuhi, Ruhuwiko, wauza maandazi wamejitanda vitenge viwili viwili, na vijana wa bodaboda wamevaa makoti ya mitumba yaliyoshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Vitabu vya watalii haviusifii msimu huu kwa ndege. Vinasema njoo kati ya Novemba na Aprili, wakati mbayuwayu na korongo weupe wamekuja kuikimbia theluji ya kwao. Mimi nasema njoo sasa, ila uje na sweta, na uwe mtu anayeweza kukaa kimya.

Sababu ya kwanza ni maji. Mvua za Ruvuma hukatika Aprili au Mei na hazirudi kwa nguvu mpaka Novemba au Desemba. Kufikia Julai madimbwi yamekauka na vijito vidogo vimebaki nyororo za vidimbwi. Ndege wa kula punje hana ujanja, sharti anywe kila siku, kwa kuwa punje kavu haimpi maji. Ndege wa kula wadudu ana nafuu kidogo, maana mdudu mwenyewe ana majimaji, lakini naye hupenda kuoga. Kwa hiyo anayejua maji yalipobaki hana haja ya kumfuata ndege porini. Anakaa tu, ndege watamfuata yeye.

Sababu ya pili ni miti. Msitu wa miyombo unaouzunguka mji huu huanza kupukutisha majani katikati ya kiangazi, kabla haujachipua majani mapya yenye rangi ya shaba mwezi Septemba na Oktoba. Ndege ambaye Machi alikuwa sauti tu ndani ya kijani, Julai anaonekana mwili mzima kwenye tawi tupu. Tena msimu huu ndege wa miyombo hutembea kwa makundi ya mchanganyiko: mramba mweusi anatangulia, wengine wadogo wa aina nyingi wanafuata, kila mmoja anapekua sehemu yake ya mti. Unaweza kuzunguka saa nzima usione hata unyoya, kisha kundi likapita juu ya kichwa chako kwa dakika tatu ukashindwa uanze na nani.

Halafu kuna wasafiri ambao hawatoki Ulaya. Baridi inapokolea milimani, baadhi ya ndege wa misitu ya juu huteremka kwenye misitu ya chini. Watafiti wameliandika jambo hilo Usambara na Udzungwa. Kutoka Madagaska huja wengine kuvuka bahari, wakiwemo keremkerem wa kisiwa kile na korongo mdogo wa madimbwini, ambaye siku hizi yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Yeye huzaa kwao wakati wa masika yao, kisha kati ya Mei na Oktoba hutawanyika Afrika Mashariki. Wanaozungumzia ndege wahamaji kwa kuitazama Ulaya peke yake wanaisahau njia hii.

Lazima niseme na ubaya wa kipupwe. Madume ya kwelea na ya mnana wengi yamevua nguo za harusi. Yule mwenye joho jekundu na jeusi uliyemwona kwenye mpunga mwezi Machi, sasa amekuwa kahawia, huwezi kumtenga na shomoro. Fumbwe amekatika mkia. Anayetaka picha ya rangi kali kwa ajili ya kalenda atasikitika, labda aende kwenye mishubiri, ambayo huchanua wakati huu wa baridi na kuwavuta chozi wa kila namna. Mimi nimewahi kumsikia mpiga picha akilalamika kwamba ndege wa Julai ni wa rangi ya udongo. Ni kweli. Lakini ndege wa rangi ya udongo, kwenye mwanga wa kipupwe, akiwa ameyakunjua manyoya yake kwa baridi hadi akaviringana, ana uzuri wake, na picha yake si rahisi.

Sasa tuje kwenye dungu.

Watu wa mabonde ya mpunga na ulezi wamekaa ndani ya dungu vizazi na vizazi, kuamia mazao. Mtoto hupandishwa kwenye jukwaa la miti lenye paa la nyasi, na kombeo mkononi au kopo la kupiga, akae tangu alfajiri mpaka jua lizame, ndege wasimalize mtama. Hakuna shule ya ndege inayoishinda hiyo. Mtu aliyeamia shamba misimu mitano anajua kundi litatokea upande gani, litatua mti gani kwanza, nani mlinzi wao, nani mwizi. Tofauti ya dungu lile na hili la kamera ni kwamba lile linataka kuonekana, hili halitaki.

Mwongozaji niliyekaa naye katika bonde moja upande wa Ruhuwiko, karibu na kijito kinachotafuta njia yake kuelekea Mto Ruhila, alianzia huko huko. Aliamia, akaendelea na manati, akahamia kwenye tanzi za kwale na ulimbo wa utomvu wa mti. Leo ni mtu wa makamo, nami namwita mzee kwa heshima kuliko kwa umri. Yeye ananiita mwandishi, ananicheka ninavyotembea. Anasema nakanyaga majani kama mtu aliyeagizwa mkaa. Ulimbo ameuacha. Lakini elimu ya ulimbo hajaiacha, na ndiyo inayouzwa hapa: mahali pa kuweka kijiti chenye utomvu ndipo mahali hasa pa kuweka kijiti kitupu cha ndege kutua apigwe picha.

Dungu lake ni la turubai kuukuu la rangi ya matope, limefunikwa nyasi na matete, urefu wa mtu aliyekaa. Ndani kuna vigoda viwili na mkeka. Upande wa mbele ameacha tundu la lenzi, na juu yake kitambaa cheusi chenye nyuzi za wazi cha kuchungulia. Hakuna mlango wa nyuma unaopitisha mwanga, na hilo alilikazia kuliko yote. Ndege haogopi umbo la kibanda. Kibanda amekizoea kama kichuguu. Anachokiogopa ni kitu kinachotikisika. Ukiwa na mwanga nyuma yako, kivuli chako kinacheza tunduni na ndege anakiona. Macho yake yapo pande mbili za kichwa, yanaona karibu duara zima, na yanaona hata mionzi ambayo sisi hatuioni. Kwa hiyo ndani pawe giza, nguo ziwe za giza, na lenzi ikishatoka nje isirudi ndani wala isigeuzwe ghafla.

Kibanda hakianzi kutumika siku kinapojengwa. Kinaachwa siku kadhaa kikiwa tupu, ndege wakizoee. Kamera ikikosekana, huwekwa chupa tunduni, mdomo nje, ili siku lenzi itakapokuja wasishtuke. Kuna hila ya zamani zaidi, inayojulikana na wapiga picha wa ndege duniani kote: watu wawili wanaingia pamoja, mmoja anatoka na kuondoka kwa kelele, na ndege wengi, ambao hesabu si fani yao, hudhani kibanda kimebaki kitupu. Mwongozaji aliniambia kunguru wa hapa hadanganyiki. Ukiingiza watatu, anasubiri watoke watatu. Sina hoja ya kumpinga, na kunguru mwenyewe siku hiyo alikaa juu ya mti akitutangaza mpaka tukachoka.

Nilifikiri tungefika kabla ya jua. Akakataa. Alfajiri chemchemi ya bonde hilo ni ya akina mama wanaochota maji, na hakuna mpiga picha atakayewaambia wasubiri. Kumbe ndege nao wana ratiba inayokubaliana na hiyo: wala punje hula kwanza, hushiba, kisha huenda kunywa, kuanzia kama saa tatu. Saa kumi na mbili wanawake na ndoo, saa tatu tetere na chiriku. Mpangilio huo haukuandikwa na kamati yoyote.

Walianza tetere, wawili, wakatua mbali wakatembea. Njiwa na jamaa zake wana namna yao ya kunywa: huzamisha mdomo wakavuta maji mfululizo bila kuinua kichwa, jambo ambalo ndege wengi hawaliwezi. Kwa mpiga picha ni hasara, kwa sababu unabaki na kisogo. Wakaja chiriku wadogo wa buluu, hawa hunywa tone, huinua kichwa, hutazama, hunywa tena, na ile nukta ya kuinua kichwa ndiyo picha. Shore akaoga akarusha maji mpaka kwenye lenzi. Kitwitwi wa rangi mbili akapita na mkia wake usiotulia. Kisha kukawa kimya ghafla, wote wameondoka, na mwongozaji akanigusa goti kunizuia nisiseme: kipanga alikuwa ametua mti wa nyuma. Hakushuka. Tulikaa hivyo muda mrefu, miguu imekufa ganzi, baridi ya ardhi ikipanda kwenye mkeka, mpaka alipochoka akaenda zake. Fundichuma akaja baadaye peke yake, kahawia mtupu na kile kishungi kinachofanya kichwa chake kifanane na nyundo, akaanza kuchokora matope kwa mguu kutafuta vyura. Mzee alinong'ona kwamba kwao walikatazwa kumtupia hata jiwe. Fundichuma anasemwa mchawi sehemu nyingi za Afrika, na uchawi huo umemlinda kuliko sheria nyingi.

Mwanga una hesabu yake, na hapa wageni wengi huja na hesabu za kwao. Songea iko kusini ya ikweta, kwenye digrii 10 na nusu na ushei. Katika Juni na Julai jua halipiti juu ya kichwa. Limeegemea kaskazini siku nzima. Dungu likitazama kaskazini, utapiga picha za vivuli. Mzee hajui digrii, lakini amelijenga upande wa kaskazini-mashariki mwa maji, likitazama kusini-magharibi, na jua la asubuhi linapita juu ya bega lake na kumwangukia ndege usoni. Nilipomuuliza sababu, alisema ndivyo mtu alivyokaa na manati, ili kwale asimwone kwa kung'ariwa na jua. Upepo nao ni wa kusi, na ndege hutua akiukabili upepo. Kwa hiyo kijiti cha kutulia kimewekwa pembeni kidogo, ili akitua aonyeshe ubavu badala ya mgongo. Maji yenyewe ni karai la kina cha kiganja lililozikwa usawa wa ardhi, linalojazwa kwa dumu lililotobolewa tundu la sindano. Tone likidondoka hutoa mlio, na mlio huo huita ndege kuliko maji yaliyotulia.

Vifaa vya kisasa vimerahisisha mambo. Zamani mlio wa kamera ulikuwa unafukuza ndege. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani hupiga bila sauti hata kidogo. Lenzi ya milimita 400 inatosha kabisa kwa dungu la mita tano hadi nane kutoka majini. Ya 600 ni ya mwenye bega na mfuko. Ukitaka kumsimamisha ndege anayeruka, kasi isiwe chini ya sehemu moja ya 2,000 ya sekunde. Na asiye na lenzi asikate tamaa, kwani simu iliyobanwa kwenye jicho la darubini inatoa picha ya kumtambulisha ndege.

Habari ya kujificha ili kupiga picha ya ndege ina zaidi ya miaka 120. Richard na Cherry Kearton, ndugu wawili wa Uingereza, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota kilichopambwa kwa picha za kamera tupu. Kufika mwaka 1900 walikuwa wamechuna ng'ombe, wakamjaza umbo, na Richard akawa anaingia tumboni na kamera. Inasimuliwa kwamba siku moja alizimia humo, ng'ombe akaanguka miguu juu, na mdogo wake Cherry, kabla ya kumwokoa, akapiga picha. Eric Hosking, Mwingereza mwingine, mwaka 1937 alikuwa akirudi gizani kwenye maficho yake huko Wales, bundi aliyekuwa akilinda kiota akamvamia na kumtoa jicho la kushoto. Aliendelea na kazi hiyo hiyo maisha yake yote.

Tanganyika nayo imo kwenye historia hii, tena mapema. Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika za Kilimanjaro na Umasaini mwaka 1903 na 1904 na kamera nzito na unga wa magnesi, akategesha nyaya usiku. Mnyama akijikwaa kwenye waya, unga unawaka, picha inapigwa bila mtu. Alifunga punda na ng'ombe hai kuwa chambo cha simba, jambo ambalo leo lingempeleka mahakamani, lakini kitabu chake cha mwaka 1905 kiliwaonyesha Wazungu wanyama wa usiku kwa namna ambayo hawakuwahi kuwaona. Wazo la waya halikufa. Karne moja baadaye, mwaka 2005, kamera za kutega kwenye msitu wa Udzungwa zilimnasa sengi mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikumjua. Akatangazwa rasmi mwaka 2008.

Udzungwa hiyo hiyo ina kisa kingine ninachokipenda zaidi. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini, chakula kinaiva, mmoja wao akaona ndani ya sufuria miguu ya ndege asiyemtambua. Ndivyo kwale wa Udzungwa alivyoingia kwenye vitabu mwaka 1994. Wenyeji walikuwa wakimla siku zote.

Kisa cha Songea kina uchungu zaidi. Mwaka 1901 Anton Reichenow, mtaalamu wa makumbusho ya Berlin, alimwandika kigong'ota mdogo wa kusini hii, akampa jina la Stierling, Mjerumani aliyemkusanya. Kukusanya, enzi hizo, ni kumpiga risasi, kumchuna, kumjaza pamba na kumfunga karatasi mguuni. Kigong'ota huyo ni wa miyombo ya kusini mwa Tanzania, kaskazini mwa Msumbiji na Malawi, hana kwao kwingine duniani. Miaka minne baada ya kuandikwa kwake vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vikawaka, na mwezi Februari 1906 waliwanyonga mashujaa wa Kingoni hapa hapa mjini. Kichwa cha Nduna Songea Mbano kinaaminika kuwa kilichukuliwa hadi Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Makumbusho ya Majimaji Novemba 2023 aliomba msamaha na kuahidi msaada wa kukitafuta. Sipendi kulinganisha ndege na binadamu, ila tabia ya kuchukua, kubandika karatasi na kufungia sandukuni ni moja, na anayekuja Ruhuwiko na lenzi kumtafuta kigong'ota wa Stierling afike akijua jina hilo lilikujaje.

Kumpata si rahisi. Hanywi karaini. Ni ndege wa magome, hupanda mti kwa kuzunguka, na mara nyingi husikika akigonga kabla ya kuonekana. Dungu halimsaidii mtu hapo. Linalosaidia ni kukaa kimya chini ya miyombo mikubwa na kusubiri kundi la mchanganyiko, maana hupenda kufuatana nalo. Mimi sina picha yake.

Je, kibanda cha ndege kinaweza kulisha watu? Mfano ulio karibu na sisi uko pwani ya Kenya, kwenye hori ya Mida karibu na Watamu. Pale shirika la A Rocha Kenya pamoja na wenyeji walijenga njia ya mbao inayoning'inia juu ya mikoko, yenye urefu wa mita 260 hivi, na mwisho wake kuna kibanda cha kutazamia ndege kinachoelekea tope la maji kupwa. Kiingilio cha wageni huingia kwenye mfuko wa karo kwa watoto wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na hori yenyewe. Mzazi aliyekuwa akikata mkoko au kutega paa msituni anapata sababu ya kuacha. Mradi huo una zaidi ya miaka 20, na kwangu ndilo jibu bora kwa anayesema ndege hawana faida.

Msimu wa Mida ni kinyume na wa kwetu. Pale kipindi cha neema ni baridi ya Ulaya na Asia, Oktoba hadi Aprili, wakati vitwitwi wa kaskazini ya mbali wanapojaza tope. Yupo pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, ambaye huzaa ndani ya mashimo ya mchanga kwenye pwani za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha hushuka na kaskazi mpaka kwetu. Safari yake ni ile ile ya majahazi. Ndani ya msitu wa jirani, waongozaji wa kijijini humwonyesha mgeni bundi mdogo wa Sokoke akiwa amelala mchana kwenye kichaka, ndege ambaye sayansi ilimpata mwaka 1965 tu, na ambaye nje ya hapo anajulikana mahali pachache tu, Usambara Mashariki pakiwemo. Mgeni hulipa vizuri kwa dakika tano za bundi huyo. Analipia jicho la mwongozaji.

Kusini zaidi, Afrika Kusini na Botswana, vibanda vimekuwa biashara kubwa, vina vioo vya kuonea upande mmoja na viti vya kuzunguka. Mpiga picha Greg du Toit alishinda tuzo kuu ya picha za wanyamapori duniani mwaka 2013 kwa picha ya tembo aliyoipiga kutoka kwenye maficho yaliyochimbwa ardhini huko Botswana. Miaka ya nyuma, kusini mwa Kenya, alikuwa akijizamisha mwenyewe kwenye dimbwi ili awapige simba kwa usawa wa macho. Simba aliwapata, na kichocho pia. Turubai la mzee ni bora.

Songea haihitaji kioo cha kuonea upande mmoja. Ina Bustani ya Wanyamapori ya Ruhila mlangoni mwa mji, ina Milima ya Matogoro ambako Ruvuma yenyewe inachimbuka, ina barabara ya lami mpaka Mbamba Bay kwenye furukombe wa Ziwa Nyasa. Uwanja wa ndege uko Ruhuwiko hapo hapo, mtu anaweza kutoka Dar es Salaam asubuhi na mchana akawa ameketi kigodani, badala ya kilomita 950 za basi. Kinachokosekana ni mtu wa kumtambua mwongozaji kuwa ni mwongozaji. Kila mtu hapa akisikia utalii anawaza tembo, na tembo wako mbali, huko Nyerere na Ruaha. Vijana wa Ruhuwiko wanaojua sauti za ndege 50 wanajiona hawana kazi.

Kuna tahadhari ambazo mgeni asizipuuze. Maeneo haya yana uwanja wa ndege na yana jeshi. Lenzi ndefu kama mkono ikielekezwa pasipostahili inaleta maswali marefu. Anza ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe, andikisha jina, mwambie mwenyekiti unapokwenda kukaa. Ndani ya Ruhila ruhusa inatoka TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Usivizie kiota: ndege aliyetolewa kwenye mayai asubuhi ya nyuzi 12 anarudi kukuta mayai yamepoa. Usimpigie rekodi ya sauti ya mwenziwe mara mia ili atokee, wala usikate tawi linaloziba, lifunge kwa kamba kisha lifungue. Na kama huna dungu wala turubai, bajaji iliyoegeshwa kando ya njia ni maficho mazuri kuliko watu wanavyodhani. Ndege wameizoea, na dereva akilipwa muda wake hulala.

Jambo linalomsumbua mzee kwa sasa si wageni. Ni moto. Kuanzia Agosti nyasi za kiangazi huanza kuchomwa, wengine wakiandaa mashamba, wengine wakitafuta panya, wengine kwa mazoea tu. Siku ya moto yenyewe kuna karamu: mramba, chole na mwewe hukusanyika mbele ya ndimi kudaka panzi wanaokimbia, na mpiga picha asiye na haya hupata picha nzuri sana. Siku inayofuata bonde ni jivu, na mwanga wa Septemba unageuka wa machungwa kwa moshi. Msimu uliopita dungu lake liliungua pamoja na vigoda. Safari hii yeye na vijana wawili wa jirani wamelima njia ya moto kulizunguka bonde, upana wa hatua nne, kwa majembe ya mkono, na ametaka ada ya mgeni igawanywe hivi: sehemu ya mwongozaji, sehemu ya wenye majembe, na sehemu ya kamati ya chemchemi kwa ajili ya kusakafia pale akina mama wanapotua ndoo. Mwenyekiti wa mtaa amelipokea ombi. Kikao kimepangwa baada ya mavuno ya mahindi kuingia maghalani.